Aliyepigishwa Magoti

Siku ya kwanza Kahonzi aliona magoti ya sanamu yamelowa, akadhani ni umande. Lakini ilikuwa saa saba mchana, jua la Malindi linachoma, na maji yale yalinuka tope la mtoni.

Kazi yake ilikuwa kuziba nyufa. Sanamu iliachwa na mlowezi Mwingereza katika bustani yake: mwanamke wa Kigiriama, kifua wazi, kapiga magoti, kainua sinia. Siku hizi bustani ni ya umma, na wageni hupiga picha wakiegesha vikombe vyao juu ya sinia.

"Ziba tu, dada," Eugene, msimamizi, alimwambia. "Usibadilishe kitu. Wanaipenda hivyo hivyo."

Siku ya tatu alisikia pumzi. Alipiga magoti, akatega sikio kwenye tumbo la saruji. Kimya. Alipotaka kuinuka, miguu ilikataa.

Hospitali haikuona ugonjwa. Siku nne alikula na kulala amepiga magoti, mpaka shangazi yake Kache, mganga wa Dabaso, akaja kumfukiza ubani.

"Wewe uliyemshika mtoto wetu, wataka nini?" Kache alinong'ona.

Kahonzi alijibu kwa sauti nzito, isiyo yake. "Nivunjeni."

Wakamrudisha bustanini kwa mkokoteni. Eugene alikuja mbio. "Mama, hiyo ni mali ya serikali!"

"Basi mwinue huyu wewe," Kache alisema.

Eugene akarudi nyuma. Kahonzi alishika nyundo, akapiga goti la sanamu, akapiga tena, na kila saruji ilipobanduka harufu ya tope ikazidi na pumzi ikapanda, nzito, ya haraka, kama ya mtu anayekimbilia mlangoni, mpaka ufa ukafunguka kutoka paja hadi shingo na ndani yake, badala ya nondo, ikaonekana mifupa ya mtu.

"Shangazi," alisema, "huyu hakuchongwa. Alimwagiwa saruji."

Polisi waliandika yao. Mifupa ikazikwa ng'ambo ya mto Sabaki, kwenye ardhi waliyofukuzwa Wagiriama zama za ukoloni. Udongo wa mwisho ulipoanguka, Kahonzi alisimama. Watu wakapiga vigelegele. Kache akamkumbatia, akilia.

Ndipo alipohisi mwili wa Kahonzi umepoa mikononi mwake, na sikioni pake ile sauti nzito ikauliza, taratibu:

"Na mtoto niliyekuwa nimembeba mgongoni, mmemwacha wapi?"