Ufa Chini ya Vanishi

Kila asubuhi, kabla ya kunywa bakuli lake la kahawa ya maziwa, Odile alifagia maranda katika banda la baba yake. Mwaka ule wa 1909, baba huyo, Anselme, seremala wa kijiji, alikuwa ameacha kutengeneza makabati. Wazimu wa ndege za injini ulikuwa umemwingia, yeye na mdogo wake Firmin. Anselme aliunda, Firmin akarusha.

Upepo ulikuwa umewazuia kuruka kwa siku tisa. Asubuhi hiyo leso iliyofungwa juu ya mlingoti ilining'inia bila kutikisika, na wanakijiji walikwisha kujaa shambani na vikapu vyao vya mkate na jibini. Odile aliitazama leso ile, akatamani itikisike.

Jana yake, akifagia, alikuwa ameliangusha pangaboi jipya la kuivuta ndege hewani. Lilikuwa la mbao tano za mti wa jozi zilizogundishwa pamoja, kazi ya wiki sita. Karibu na kitovu chake ukatokea ufa mwembamba kama unywele. Kwa hofu aliupaka vanishi, akarudia, mpaka ukapotea machoni. Alijipa moyo kwamba upepo ungeendelea kuvuma.

Nje, Firmin alikuwa amekwisha kukaa katika kiti cha ndege, kofia ameigeuza nyuma.

"Kaka, leo hulipigii hodi?" alitania. Kwa kawaida Anselme hakuwasha injini kabla ya kuligonga pangaboi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza mlio wake.

"Nililigonga juzi," Anselme alijibu. "Upepo unaweza kurudi wakati wowote."

"Haya, Odile! Nikirudi nitakuletea kipande cha wingu."

Hakuna aliyecheka kuliko Firmin mwenyewe. Anselme alishika pangaboi kwa mikono miwili ili alizungushe, injini iwake. Odile alitoka mbio.

"Baba, usiwashe!" Alimng'ang'ania mkono. "Lina ufa. Mimi nililiangusha. Nikalipaka vanishi."

Watu waliguna. "Mtoto anatuharibia siku!" mmoja alifoka.

Anselme alikunja kidole. Aligonga upande wa kulia, mbao zikalia vizuri. Aligonga upande wa kushoto, zikatoa mlio mzito, uliokufa.

"Ufa wa unywele tu, kaka," Firmin alisema. "Watu wote hawa wanangoja."

"Shuka."

Ili kulijaribu pangaboi bila mtu ndani, walifunga mkia wa ndege kwenye nguzo, wakawasha injini, kisha wakawasogeza watu mbali. Anselme aliongeza moto kwa kuvuta kamba ndefu. Injini ilinguruma, ikapanda sauti. Ghafla mlio mmoja mkali ulipasua uwanja. Injini ilipozimwa, kipande cha pangaboi kilikuwa kimezama kwenye mlango wa banda, usawa wa kifua cha mtu mzima.

Firmin alikitazama, akaketi majanini, akaivua kofia. Hakutania tena. Watu walikusanya vikapu vyao.

Odile alilia. "Nilidhani utanichapa, Baba."

"Pengine ningekuchapa," Anselme alisema. "Hata mimi nina kosa, leo sikuligonga. Lakini sikiliza, binti yangu. Vanishi huficha ufa, haiuzibi. Mimi ni seremala. Ukiniambia kosa mapema, nitaunda pangaboi jingine. Ukilificha, nitaunda jeneza."