Mbegu Kabla ya Pepeta

"Hapo hapakatwi, mama."

"Nani kasema? Mie nakata pepeta bonde hili toka mumeo hajazaliwa."

"Kakate kule pembeni."

"Pembeni mapepe matupu. Unataka nitwange maganda?"

Mwanaasha hakuondoka. Nyuma yake, katikati ya shamba, kipande cha mpunga kilizungushiwa vijiti na kamba. Mbele yake kasimama mavyaa wake, mama wa mumewe, Bi Tabia, kisu mkononi, pakacha begani.

Hapo ni bonde la Cheju. Kila mwaka mpunga ukianza tu kukomaa, Bi Tabia hukata masuke yaliyonona, akayakaanga, akayatwanga. Pepeta yake ndiyo ya mwanzo kufika kwa majirani, na watu humsifu. Yanayobaki shambani ndiyo huvunwa, na humo humo ndimo hutolewa mbegu.

Mpunga ukazidi kupungua. Mwaka wa sabini walikula muhogo hata Sikukuu. Sasa sabini na moja, na dukani mchele hauonekani.

Jecha, mume wa Mwanaasha, akamwita Silima, bwana shamba. Silima alilizunguka shamba, akauliza mbegu wanatoa wapi. Walipomwambia, akacheka.

"Nzuri mshazila. Mnapanda mabaki, halafu mnailaumu ardhi."

Akawaeleza. Mbegu huchaguliwa mpunga ungali umesimama, tena katikati ya shamba. Tafuteni mashina yenye nguvu, masuke yaliyojaa, yasiyo na ugonjwa. Yaacheni yakauke vizuri. Yavuneni peke yake, yaanikeni, wekeni pakavu. Siku ya kupanda, mbegu zitieni kwenye maji ya chumvi. Zinazoelea tupeni. Zilizozama zisuuzeni, mpande.

Bi Tabia alimtazama miguu. Akauliza huyu kalima wapi na viatu vyake.

"Pepeta mtakula, Bi Tabia," Silima akasema. "Lakini mbegu kwanza."

Ndiyo maana siku ile Mwanaasha hakumpisha. Bi Tabia akaenda pembeni, akapata kidogo. Majirani wengine hawakupelekewa kitu. Akanuna, akatangaza kote kuwa mke wa mwanawe ni bahili, anamnyima mpaka pepeta.

Mwanaasha hakubishana naye. Alivuna mbegu yake, akaianika, akaihifadhi. Mvua zilipokuja akaitia maji ya chumvi mbele ya Bi Tabia. Zilizoelea zilikuwa chache. Bi Tabia alizichota, akazibonyeza kwa kucha. Tupu. Akazitupia kuku.

Msimu ule mpunga ulikua sawasawa mpaka pembeni. Masuke yakainama. Haukuwa mwingi wa kuuza, lakini ulitosha nyumba. Mwanaasha akafunga tena kamba yake katikati ya shamba.

Asubuhi moja jirani yao Kazija alikuja na kisu kuomba pepeta. Akaikiuka kamba.

"Hapo hapakatwi," Bi Tabia akamwambia.

"Nani kasema?"

"Mie nshasema. Kakate pembeni, nako kumejaa."

Kazija akarudi nje ya kamba. Bi Tabia akaweka pakacha lake begani, akageuka, akaelekea pembeni mwenyewe.