Mama Mwenye Pasi

Kwaya ikisafiri, watu hudhani kazi ya kwanza ni kuimba. Waulize waimbaji wenyewe. Kazi ya kwanza ni kutafuta pasi.

Basi liliingia uwanja wa kanisa jua likizama, na sare zilikuwa zimekunjamana kiasi kwamba huwezi kujua rinda ni lipi na kunjo ni lipi. Mwenyekiti wa kwaya alishuka akitangaza kwamba tamasha ni kesho baada ya ibada, na kwamba kwaya iliyovaa mikunjo huimba mikunjo. Watu wakacheka. Mke wa mwalimu wa kwaya hakucheka. Alishuka na mfuko mkubwa wa sare begani, kwa sababu siku hizo hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Zamani hakuwa mtunza sare. Ule wimbo uliowafanya waalikwe mji huu na ule, yeye ndiye aliyekuwa akiuanzisha, peke yake, bila kinanda. Na aliyempa sauti ya kuanzia alikuwa binti yao mdogo. Mazoezini mtoto alisimama juu ya kiti, akafumba macho, akatoa do safi kuliko kinanda chenyewe. Kwaya ikambatiza Kengele, na kuanzia hapo wazazi wake wakawa Mama Kengele na Baba Kengele mpaka sokoni. Fundi wa sare alimshonea kigauni kwa mabaki ya kitambaa cha kwaya. Alikivaa mara moja tu. Mvua zikaja na homa, na homa ikamchukua kabla majirani hawajajua kwamba anaumwa.

Tangu hapo mama yake hakuimba. Sauti haikumpotea, tuelewane. Ila kila jioni, giza likianza kuingia, aliacha alichokuwa akifanya, akainamisha kichwa upande.

"Anatoa do," alimnong'oneza mumewe. "Nikiimba sitamsikia."

Mume alitega sikio. Sikio lile lingeweza kumkamata mtu mmoja anayeteleza katikati ya kwaya nzima, lakini hapo halikupata kitu. Ilimuuma. Mtoto alikuwa amekwenda, na sasa mke naye alikuwa akienda taratibu, jioni baada ya jioni, akimwacha yeye na chakula kilichopoa mezani. Alimtaka mkewe arudi. Hilo tu ndilo alilokuwa akiliombea, na ndiyo sababu alimbembeleza waje pamoja katika ziara hii.

"Pasi iko kwa mama wa ile nyumba yenye mlango wa bluu," mzee wa kanisa aliwaelekeza. "Na mtalala hapo hapo. Kwaya yoyote ikija, yeye huuliza kwanza kama kuna waliofiwa. Anataka awafariji. Ana moyo, yule mama!"

Wakaenda, mke na mfuko wake, mume na begi la nguo.

Mlango ulifunguliwa kabla hawajabisha.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema mama mmoja mnene, mpole, akawashika mikono. Mikono yake ilikuwa na joto, kama ya mtu aliyetoka kupakata mtoto mchanga. "Karibuni, wanangu. Pasi imeshapata moto."

Nyumba ilikuwa safi. Ilinuka nguo zilizonyooshwa, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, nyepesi...

Poda ya mtoto.

"Unakaa na wajukuu, mama?" mwalimu aliuliza.

"Wapo."

Dirishani ilionekana kamba ya nguo huko uani. Sweta dogo la kufumwa kwa mkono, kaptula ya shule, gauni lenye mfuko wa moyo kifuani, soksi zisizozidi kidole gumba. Hapakuwa na nguo mbili za kipimo kimoja. Nyumba nzima ilikuwa kimya, wala hapakuwa na kitu chochote cha kuchezea sakafuni. Wajukuu wenye adabu, mwalimu alijiambia.

Mama mwenyeji alinyoosha sare moja baada ya nyingine, pasi ikipanda na kushuka bila haraka. Mkono wake ukafika chini ya mfuko. Ukatoka na kigauni.

"Na hiki?"

Mke wa mwalimu alikinyakua. "Hicho hakihitaji pasi, mama."

"Samahani, mwanangu. Pole sana."

Nje giza lilikuwa linaingia. Mke alisimama pale pale, kigauni kifuani, akainamisha kichwa upande wa dirisha. Mumewe alitazama pembeni, kama alivyozoea. Ndipo alipomwona mwenyeji.

Naye alikuwa ameinamisha kichwa.

Upande ule ule.

"Ana sauti nzuri," mama alisema polepole. "Eti? Nzuri mno."

Mke alimtazama kwa macho yaliyojaa machozi. Tangu msiba, huyu alikuwa mtu wa kwanza kukubaliana naye. Alikirudisha kigauni mfukoni kwa utulivu, akachukua taulo, akaenda kuoga. Alimwamini. Nani asingemwamini?

Maji yalipoanza kumwagika bafuni, mama alimsogelea mwalimu.

"Unamtaka mkeo arudi kama zamani, au akae hivi hivi tu?"

"Namtaka, mama."

"Amekaba sauti yake ili amsikie mtoto. Mimi naweza kumfungua. Kesho akaimba, usiku akalala, akacheka."

"Kwa maombi?"

Mama alitabasamu. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nipe kitu kimoja alichovaa mtoto. Na ukubali wewe, kwa mdomo wako. Wewe ndiwe baba."

Mtu mzima, tena mwalimu wa kwaya, alijua kabisa kwamba maneno yale hayakutoka kwenye kitabu chochote cha kanisa. Alijua! Lakini aliufikiria mji wa mwisho wa ziara, umati uliokuwa unausubiri wimbo, halafu akaufikiria mgongo wa mkewe kitandani, kila usiku mgongo. Akauingiza mkono kwenye mfuko wa sare, akakitoa kigauni.

"Chukua chochote, mama," alisema. "Ila mke wangu arudi."

"Chochote," mama alirudia, kama mtu anayeonja chumvi.

Alikitandaza kigauni mezani. Akanyunyiza maji kwa ncha za vidole. Akashusha pasi.

Tssss...

Mvuke ulipanda, na haukunuka kitambaa. Ulinuka nywele za mtoto aliyetoka kuoga. Mwalimu aliifahamu harufu ile, mtoto alikuwa amemlalia kifuani jioni ngapi? Akataka kusema basi, mama, inatosha. Ulimi ukamwia mzito. Pasi ikapita kifuani pa kigauni, ikapita kwenye mikono midogo, ikafika kwenye pindo, na kutoka mahali fulani ndani ya mvuke alisikia mtu mdogo akivuta pumzi. Kama avutaye kabla ya kuimba.



Halafu kutoka bafuni, juu ya mlio wa maji, ukaja wimbo.

Mwalimu alikaa chini, akalia kama mtoto. Mama alikikunja kigauni mara nne, akakitia ndani ya nguo yake, akaendelea na sare zilizobaki.

Kesho yake tamasha lilitikisa kanisa. Mama Kengele alisimama mbele akauanzisha wimbo ule, na watu wazima walitafuta leso. Mwalimu alipiga kinanda kwa furaha. Usiku wa kuamkia siku hiyo mkewe alikuwa amelala ubavuni pake, uso kwa uso, akikoroma kidogo. Alikuwa ameukosa hata mkoromo ule.

Basi lilipokuwa linapakiwa, mwenyekiti aliita, "Mama Kengele! Sare zimetimia?"

Mke hakugeuka.

"Mama Kengele!"

Akatazama nyuma yake, kuona ni nani anayeitwa. "Mwanitania," alisema akicheka. "Kwa nini mnaniita hivyo?"

Waimbaji wakatazamana. Mwalimu alimvuta kando.

"Umeimba vizuri. Kengele angefurahi."

"Kengele ipi?"

"Mtoto wetu."

Alimtazama sana mumewe. Kisha akainua mkono, akampapasa paji la uso kwa upole, kama mtu anayepima homa. "Mume wangu... umechoka. Sisi hatujajaliwa mtoto. Tutajaliwa, usijali."

Ndani ya basi mwalimu alimwonyesha picha kwenye simu. Kengele juu ya kiti, macho amefumba, mdomo mviringo.

"Mtoto mzuri," alisema mke. "Wa nani?"

Mwimbaji mmoja wa sauti ya pili, ambaye ni muuguzi, alisema ni mshtuko. Akili ikizidiwa hufunga mlango, alisema, atakumbuka taratibu, msimlazimishe. Wote wakashika hilo, maana lilikuwa la kushikika. Mwalimu peke yake hakulishika. Katika mji wa mwisho, umati ule aliokuwa akiuota ulisimama na kupiga makofi, naye alitamani ardhi ipasuke. Siku ya msiba walikuwa wawili, mmoja akilia, mwingine alimshika. Sasa alikuwa mfiwa peke yake, na mkewe akimuuliza usiku, kwa huruma kabisa, analilia nini.

Majuto ni mjukuu. Wakati wa kurudi, alimwomba dereva asimame mbele ya mlango wa bluu. "Nimesahau kitu," alisema. Wala hakudanganya.

Ilikuwa jioni tena. Mama alikuwa amekaa barazani, kama aliyemngoja.

"Nirudishie," mwalimu alinong'ona.

"Sikuiba, mwanangu. Ulinipa."

"Nilikupa kigauni!"

"Ulisema chochote." Sauti yake haikuwa na ubaya, na hilo ndilo lililotisha. "Mtoto anayekumbukwa na mama yake hakai kwa mtu mwingine. Mimi sikujaliwa. Nyumba yangu ilikuwa tupu mno. Nami nawatunza, muulize yeyote. Nawaogesha, nawanyooshea nguo."

Mlango nyuma yake ulikuwa wazi nusu. Ndani, gizani, palikuwa na kiti. Juu ya kiti alisimama mtu mdogo amewapa mgongo. Marinda ya kigauni yalikuwa yamenyooka vizuri kabisa.

Mwalimu akasogea hatua moja.

"Kengele..."

Hakugeuka.

"Naweza kumwachia," mama alisema. "Sasa hivi. Lakini mkeo atarudishiwa vyote kwa mkupuo. Ile homa. Ile sanda. Lile jeneza ulilolibeba mwenyewe mkononi. Atafiwa upya leo, hapa barazani kwangu, nawe utakuwa umesimama unamtazama. Sema tu. Wewe ndiwe baba."

Alifungua mdomo. Nyuma yake mlango wa basi ukafunguliwa, na viatu vya mkewe vikaja vikikanyaga kokoto. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, amejifunga kitenge kiunoni, ana afya, ana nuru. Hakuwahi kuwa hivyo tangu mvua zile.

"Mbona unachelewa? Watu wana njaa," alisema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Na kutoka ndani, kwenye kiti, ikaja.

Do.

Safi. Ndefu. Isiyotetemeka.

Mke alinyanyua uso. Mwalimu alimtazama, akaomba kwa dhati kuliko wakati wowote tangu mazishi, ingawa hakujua anaomba nini, akumbuke au asikumbuke. Mkewe alitabasamu. Akaipokea ile sauti palepale, akaanzisha wimbo, mistari miwili tu, mtu asiyeonekana vizuri akiishikilia do yake kule gizani mpaka mwisho.

"Mama, huyu mjukuu wako ana sikio!" alisema akicheka. "Mama yake amebarikiwa."

Akageuka, akarudi kwenye basi.

Mama alimtazama mwalimu. Alingoja. Alingoja vya kutosha, hilo lazima lisemwe. Honi ililia mara mbili.

Mwalimu hakusema kitu. Alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, akimwangalia yule wa kwenye kiti mpaka mlango wa bluu ulipofungwa. Iwapo ni upendo au ni woga, mpaka leo hajui, na aliyewahi kusimama mahali kama pale ndiye amhukumu.

Sasa wanaishi vizuri, ukiwatazama kwa nje. Mke analala, anacheka, jina la Mama Kengele ameshalizoea. Anaamini walimpa kwa ajili ya sauti yake.

Lakini kuna jambo moja. Kila mazoezi ya jioni, kabla ya kuuanzisha ule wimbo, hunyamaza kwanza. Huinamisha kichwa upande. Husubiri...

"Unasubiri nini?" mumewe alimuuliza siku moja.

"Sijui. Mazoea tu."

Halafu huitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa alichokuwa akikingoja, na kuanza. Mwalimu hugusa kinanda kuhakikisha, na kila mara ni do ile ile, haijapanda wala kushuka. Naye hutega sikio lake lile maarufu, hulitega upande wa kile kiti cha Kengele ambacho hakuna anayethubutu kukiondoa, hulitega mpaka machozi yanamlengalenga.

Hasikii kitu.