Kiungo Kisichong'aa

Kila alipotoka shule, Uwimana alipitia kibandani kwa mjomba wake Ndayisenga, aliyekuwa akiishi naye, fundi wa redio mjini Kasulu. Mjomba alimfundisha kulehemu kwa waya wa zamani wenye madini ya risasi, ambao ukipoa hung'aa kama kioo.

Siku ile mjomba alikuwa Kibondo kikazi. Mezani palikuwa na kifaa cha kuongozea pampu ya sola ya kijijini kwao, Kitanga, waya wake mmoja umeachia. Huko watu walikuwa wamerudia maji ya mto, na Gentille, mdogo wake, alikuwa hoi kwa kuharisha. Uwimana hakuweza kungoja. Alilehemu mwenyewe kwa waya mpya usio na risasi. Kiungo kikapoa kijivu. Akakiyeyusha tena na tena, kama asongaye ugali akitaka ukaze, lakini hakikung'aa. Alipokijaribu kifaa, kiliwaka, akampa bodaboda akipeleke.

Kilifika kimekufa.

Mjomba aliporudi na kusikia kuwa kifaa kiliwaka mezani lakini pampu bado imegoma, alidhani paneli zimeharibika, akaanza kujiandaa kwenda kutafuta nyingine. Uwimana alinyamaza. Kisha mama yake, Immakulata, akapiga simu kutoka zahanati: hata pale walikuwa wakichota mtoni.

"Gentille hana tena nguvu ya kulia," alisema.

Uwimana akamkimbilia mjomba wake mlangoni.

"Mjomba, usiende. Ni mimi. Nilikichoma kile kiungo mpaka nikachoka, kwa kuwa hakikung'aa."

Ndayisenga alimtazama, akaweka begi chini.

"Waya huu haung'ai, mwanangu. Bati lililo ndani yake likikutana na shaba, katikati huzaliwa utando mwembamba unaovishikanisha. Ukiuchoma mno unanenepa. Unakuwa mgumu kama chungu, na kama chungu, ukitikiswa unapasuka. Barabara ya Kitanga unaijua ilivyo na mashimo."

Walikwenda pamoja. Penye kiungo palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Mjomba alikwangua mpaka shaba safi ikaonekana, akampa Uwimana chuma cha moto. Aligusa, waya ukayeyuka, akainua. Kijivu. Akakiacha hivyo.

Maji yalipotoka, Immakulata alijaza ndoo, akakimbilia zahanati. Jioni Gentille aliomba uji.

"Kosa la mkono tunalikwangua na kuanza upya," mjomba alisema. "Lakini ungeendelea kunyamaza, ningekuwa njiani natafuta paneli, na mtoto angekuwa bado anakunywa maji ya mto."