Hatua za Kutoka Kisimani

Rafiki yangu Hashim wa Korogwe yalimkuta haya, na kosa la kwanza ni langu. Zamani nilirudi kutoka Dubai nikijiona mtu wa maana, nikampa kompyuta ya kiganjani yenye skrini ya rangi. Ilitunza majina na tarehe vizuri mno. Lakini juani huoni kitu, na betri ikiisha kabisa, kila ulichoandika kinafutika. Hilo la mwisho sikumwambia, kwa kuwa nilikuwa silijui.

Mama yake alipozikwa shambani Magoma, Hashim alihesabu hatua kutoka kisimani hadi kaburini, akaziandika humo tu. Mafuriko yakasomba mawe ya kaburi. Mwezi uliopita dada yake, Hafsa, akaanza kujenga nyumba pale shambani.

"Kaka, mafundi wanasubiri kuchimba msingi. Hatua ngapi? Nisije nikajenga juu ya mama."

"Arobaini na kitu, kama sikosei. Ngoja niichaji, niiwashe."

"Ungeandika kwenye daftari kama wenzio."

Akaingia nayo kwenye ghala lililojengwa baada ya mafuriko, penye giza, akakaa juu ya gunia la mahindi. Ikawaka, lakini kurasa zote zilikuwa tupu. Ndipo akasikia tik, tik juu ya kioo, kama ile kalamu yake ndogo ya kuandikia juu ya skrini ikigonga. Kalamu ile ilipotea pale kaburini siku ya mazishi. Herufi zikajitokeza moja moja: "Hatua tisa."

Akaizima, akaitia mfukoni, akaenda kisimani kuhesabu. Hatua ya tisa ikamrudisha ghalani, mbele ya gunia alilokalia. Mfukoni kulikuwa kimya. Tik, tik ilitoka chini ya gunia.