Imamu Ameshasema Ndiyo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema msije mkapoteza muda kumtafuta mwingine, maana wengine wote humu ndani walikuwa na akili zao timamu. Mimi nilikuwa na kipaza sauti.

Nilikuwa juu ya lori, katikati ya uwanja wa mpira, shati limenilowa mgongoni, na watu wameanza kuondoka. Mshereheshaji yeyote atakwambia kwamba matusi yanavumilika, ila migongo ya watu inaua. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya kura ya maoni juu ya katiba mpya. Sisi kambi ya Ndiyo tulitetea kifungu kilichogombanisha watu mpaka vyumbani: kwamba serikali isiwe na dini. Mtaa wetu karibu wote ni Waislamu, na kambi ya Hapana ilikuwa imeshapita mlango kwa mlango ikisema tukishinda tutazima adhana.

Mwenyekiti wa kambi yetu alinivuta suruali kutoka chini, akiniita kwa jina langu la kazi.

"Kipaza! Wanaondoka! Fanya kitu!"

"Vichekesho vimeniishia, bosi!"

"Basi sema hata la maana!"

Hapo ulimi ukatangulia, akili ikabaki nyuma inatafuta viatu.

"Jamani, ngojeni! Mmeambiwa Ndiyo ni kura ya wasio na dini? Haya, kamuulizeni Imamu wenu wa hapo msikitini! Nimekaa naye sebuleni kwake, kaniambia kwa kinywa chake mwenyewe: anapiga Ndiyo!"

Migongo yote ikageuka. Uwanja ukalipuka kwa mayowe na miluzi. Mwenyekiti alinikumbatia magoti kama mtoto aliyemuona mjomba. Nami, mwana wa watu, nikajiona mfalme.

Mtaniuliza sebuleni kwa Imamu nilifuata nini. Nilifuata mke.

Binti yake ni mfamasia, ana duka la dawa mkabala na geti la msikiti. Nilianza kwenda pale kutafuta dawa ya koo.

"Koo lako halina ugonjwa," aliniambia siku ya kwanza, anakata karatasi ya vidonge kwa mkasi. "Lina maneno mengi. Nyamaza siku chache litapona."

"Hiyo dawa kali, Dokta. Huna nyepesi kidogo?"

"Ninayo. Kutoniita Dokta."

Nikaendelea kumwita Dokta, naye akaendelea kukasirika huku anacheka, mpaka ikafika mahali koo likipona nasikitika. Posa ikapelekwa, ikapokelewa. Mchana mmoja nikakaribishwa kwao kama mtu wa nyumbani. Wanaishi katika nyumba ya msikiti, ndani ya ua uleule, sebule yenye vitabu mpaka juu ya friji.

"Na wewe baba, utapiga ipi?" nilimchokoza Imamu tulipomaliza kula.

"Hujawa mkwe, umeshaanza kunipeleleza?"

"Nauliza tu."

Akajifuta mikono taratibu.

"Nitapiga Ndiyo. Ukimkabidhi mtawala dini, hakawii kukuandikia hotuba ya Ijumaa. Nimewahi kuletewa hotuba kutoka ofisini, imepigwa mhuri kabisa. Sitaki tena. Lakini mimbarini hutanisikia nikiyasema haya."

"Kwa nini, baba? Si ungetusaidia!"

"Wanaosimama nyuma yangu wamekuja kwa Mungu, hawakuja kupangiwa kura. Na wengi wao watapiga Hapana, tena wanaipenda dini kunishinda mimi. Nao ni watu wangu. Haya ni ya humu ndani, mwanangu."

"Yataishia hapahapa, baba."

Yaliishia juu ya lori.

Niliposhuka, simu ilikuwa na ujumbe.

"Uko wapi?"

Nikamjibu kwa mbwembwe: "Kazini, mke wangu mtarajiwa. Leo nimewaua! Uwanja mzima umesimama!"

"Nimesikia. Spika zenu zinafika dukani. Nilikuwa namfungia mama mmoja dawa za presha. Kaniuliza baba yangu kanunuliwa na nani."

Nikapiga. Akapokea bila kusema halo.

"Dokta, nisikilize kwanza. Sikusema uongo. Baba mwenyewe alisema."

"Nani kasema umesema uongo?"

"Sasa kosa liko wapi? Watu wasijue ukweli?"

"Kura inapigwa kwenye kibanda, tena kwa siri. Ulishawahi kujiuliza kwa nini?"

"Ili mtu asitishwe..."

"Ili mtu kama baba achague anachoamini, na kesho aweze kuwasalisha watu wasiokubaliana naye. Umemtoa kwenye kibanda ukamweka juu ya lori."

"Nitarekebisha."

"Kwa kutumia nini? Kipaza?"

Akakata. Nikabaki nimeishika simu sikioni kama vile ndani yake kulikuwa kumebaki neno.

Ijumaa nilikwenda msikitini nikakaa safu ya katikati, nimejikunyata. Imamu alipopanda mimbari, mzee mmoja wa kamati ya msikiti akasimama, jambo ambalo halifanyiki.

"Kabla hujaanza, Imamu. Lile lililosemwa uwanjani ni kweli?"

Wallahi nilitamani aseme hapana. Mtaa mzima unanijua kwa utani. Angesema "yule kijana anapenda mzaha," wangecheka na mambo yangekwisha. Hata macho yangu yalimwomba.

Imamu alishika ukingo wa mimbari.

"Kura yangu ni yangu, wala sikuja kuinadi hapa. Lakini mmeniuliza nikiwa nimesimama mahali hapa, na mahali hapa sisemi uongo. Niliyasema."

Nusu ya safu ya mbele ikainuka ikatoka. Wengine wakafuata, wanakanyagana kutafuta viatu mlangoni. Akahutubia waliobaki, sauti haikutetemeka.

Jioni ileile kamati ikakaa. Imamu apumzishwe. Na nyumba ya msikiti, mnajua wenyewe, ni ya imamu aliyepo.

Nikakimbilia ofisi ya kampeni. Mwenyekiti alikuwa anakunywa chai, miguu juu ya boksi la fulana.

"Bosi, twende kwa wazee wa msikiti. Tuwaombe radhi. Tuseme Imamu si wa kambi yetu, mimi ndiye niliyeropoka."

"Tutakwenda baada ya kura."

"Baada ya kura watakuwa wameshatolewa nyumbani!"

"Kipaza, punguza moto. Hujaona mabango?"

Akanifungulia boksi jingine. Uso wa Imamu, mkubwa kama sinia, picha wameikata kwenye harusi ya mtu. Chini yake: IMAMU AMESHASEMA NDIYO. WEWE JE?

Nilikaa chini, pale pale sakafuni.

"Si tunazunguka tukisema dini na siasa zitengane?"

"Zitatengana," alisema, akachovya mkate kwenye chai. "Tukishashinda."

Nilimwachia kipaza chake juu ya meza nikatoka. Nilikwenda peke yangu kubandua mabango. Nilibandua kwa kucha, kwa kisu, kwa maji. Gundi ilikuwa nzuri, tuliichagua wenyewe. Mengine yalichanika, jicho la Imamu likabaki ukutani likiniangalia.

Mbele ya duka la dawa nilimkuta Dokta anabandua la kwake. Mtu alikuwa ameshaandika juu yake kwa rangi nyekundu neno nisiloweza kulirudia.

"Lete nikusaidie, Dokta."

"Usiniite hivyo."

Zamani alikuwa akilisema anacheka. Safari hii hakucheka. Wala hakunifukuza. Alibandua upande wake, mimi wangu, tukakutana katikati, akauchukua ule uso wa baba yake vipandevipande akauingiza ndani.

Asubuhi yake nikapata ujumbe. Nausoma hadi leo ingawa naujua kwa moyo:

"Nimefikiria sana. Sina chuki nawe. Ila mume ni mtu unayemwambia jambo ukalala usingizi. Kwako sitalala. Posa nairudisha."

Ndiyo ikashinda. Mtaani kwetu pia ikashinda, tena kwa kura nyingi, na Mwenyekiti akasema kwenye redio kwamba wananchi wameonyesha ukomavu. Mimi siku hiyo nilikuwa nimesimama uani kwa Imamu, kandambili mkononi, naogopa kuingia.

"Ingia, mwanangu," alisema kutoka ndani. "Mlango haujauzwa."

Vitabu vilikuwa vimefungwa kwa kamba, mafungu mafungu, sebule ikiwa na mwangwi. Dokta alikuwa jikoni, mlango wazi, anafunga vikombe kwa magazeti ya zamani. Hakugeuka.

Nikapiga magoti.

"Baba, nimekuharibia. Nyumba, msikiti, heshima yako. Sijui niseme nini."

"Wewe? Ukose la kusema? Basi dunia imefika mwisho." Akatabasamu, na lile tabasamu likanichoma kuliko kofi. "Nimekusamehe. Nilikusamehe siku ileile, nilipokuona msikitini umejificha nyuma ya mtu mwembamba. Inuka."

"Na watu wako?"

"Watu wangu wamekasirika. Baadhi watarudi kunisalimia, baadhi hawatarudi." Alilishika fungu moja la vitabu akaliweka tena palepale. "Kumi na... miaka mingi nimewazikia wazazi wao. Hilo ndilo linaloniuma, sio nyumba."

Ningeondoka wakati ule, ningeondoka na kipande cha heshima. Lakini nilimsikia Dokta jikoni anakunja gazeti, nikajua nikitoka pale sitaisikia tena mikono ile. Nikamshika Imamu kanzu.

"Baba, kama kweli umenisamehe, basi nisemee kwake. Wewe ulinikubali."

"Nilikukubali kwa sababu yeye alikukubali."

"Lakini wewe ndiye baba. Ndiye walii wake wa kumwozesha! Wewe ni mtu wa dini, unajua uchumba si mchezo. Mwambie ndoa ibaki palepale. Ukimwamuru atatii, mimi namjua. Atanuna kidogo, kisha yatapita. Nitamtunza, baba! Nitaacha siasa, nitaacha kila kitu!"

Imamu aliniangalia kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akiweweseka.

Jikoni gazeti likanyamaza. Dokta akaja mpaka mlangoni, kikombe mkononi, macho mekundu ambayo hakujali kuyaficha.

"Mpenzi," nikasema, "baba yako akiamua, wewe utakataa?"

"Umezunguka mji mzima ukiwaambia watu dini isimlazimishe mtu. Mimi nimechagua kwa hiari yangu, kura yangu moja tu, na wewe umekuja kumtafuta imamu anilazimishe?"