Kiti cha Mkwe

Msimu wa joto ulipoanza, Nahodha alinunua boksi la barafu. Lilikuwa kubwa, la buluu, lenye mfuniko mzito, naye alilipenda kama mtoto wa mwisho. Mashua yake ya injini ilivusha abiria ziwani kila siku. Alikuwa mtu wa watu kwelikweli. Kila aliyepanda aliambiwa "karibu" mpaka akachoka kuitikia. Ndiyo maana watu walimbandika jina la Karibu.

Jumapili moja alimchukua shemeji yake, yaani kaka wa mkewe, pamoja na watoto, wakale chakula cha mchana ng'ambo. Mama, mkewe Karibu, aliamka mapema akapika kuku. Kuku akaingia kwenye boksi angali moto. Soda nazo zikaingia, na barafu juu. Karibu akaliweka boksi juu ya sanduku la injini, mahali ambapo kila mtu angeliona.

"Shemeji, hebu njoo uone barafu!" Mfuniko ukafunguliwa.

"Watoto, mmeiona barafu?" Ukafunguliwa tena.

Hata watu wa mashua nyingine waliopita kando waliitwa wachungulie. Loo! Ilipofika mchana, barafu ilikuwa imebaki jina. Soda zilikuwa vuguvugu kama maji ya kuoga, na kuku alikuwa anaogelea.

Mama alisita. Shemeji akamnusa yule kuku. "Mbona ananukia vizuri tu!" akasema, akala mapaja mawili.

Jioni tumbo likamshika. Siku mbili nzima alikuwa mtu wa kukimbilia chooni, huku wanawe wakimcheka mpaka wakafukuzwa uani.

Mama hakucheka. Jumamosi iliyofuata wakwe walikuwa wanakuja. Binti yake, fundi cherehani, alikuwa amechumbiwa, na Karibu alikuwa ameshawaalika wazazi wa mchumba: safari ileile, mashua ileile, boksi lilelile.

"Mama," binti alisema, machozi yakimlengalenga, "mama mkwe akiumwa tumbo kwa chakula chetu, uso wangu nitauweka wapi?"

Swali hilo lilimchoma Mama. Jioni hiyo alibisha hodi kwa jirani yao, muuguzi. Kazi ya muuguzi huyu ilikuwa kupeleka chanjo kwenye visiwa, na chanjo zikipata joto huharibika.

"Mwanangu, wewe unapita ziwa lilelile na jua lilelile," Mama alisema. "Chanjo zako zinafikaje zikiwa baridi?"

"Kwanza niambie ninyi mlifanyaje."

Mama akaeleza. Alipofika kwenye sanduku la injini, muuguzi alishika kichwa.

"Juu ya injini? Mama yangu, hapo mlikuwa mnapika mara ya pili!"

Wakacheka wote wawili, na Mama akahisi kifua kimekuwa chepesi. Wakaenda pamoja jikoni kwa Mama.

"Boksi halitengenezi baridi," muuguzi alianza. "Linatunza baridi uliyoiweka. Ukiweka kitu cha moto, barafu yote itaisha kwa kukipoza hicho. Chakula kikishapoa kidogo, kiingie kwenye friji usiku kucha. Soda vilevile. Asubuhi ndipo uvihamishe."

"Na barafu? Mimi nilinunua ile ya vipandevipande."

"Hiyo huyeyuka upesi. Gandisha maji ya kunywa kwenye chupa, lakini usizijaze hadi mdomoni, zisije zikapasuka. Pande kubwa la barafu hukaa muda mrefu. Likiyeyuka, mnakunywa."

Mama alipenda hapo. Hakuna kitakachomwagwa.

"Halafu tafuta boksi la pili," muuguzi aliendelea. "Moja la vinywaji, hilo litafunguliwa kila saa. Jingine la chakula, hilo lisiguswe mpaka wakati wa kula. Chakula kikae kwenye vyombo vyenye vifuniko vya kubana, maji yasiingie. Nafasi ikibaki wazi, jaza kwa taulo safi. Maboksi yakae kivulini, mbali na injini, na juu yake tandika shuka nyeupe iliyoloweshwa."

"Na yule kuku alinukia vizuri. Mbona alimdhuru kaka yangu?"

"Pua haioni vijidudu, Mama. Chakula kikikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, tupa. Na jua likiwa kali sana, saa moja tu inatosha kukiharibu. Usionje, usinuse. Tupa."

Karibu alikuwa mlangoni, anasikiliza. "Sasa mgeni nitamkaribishaje bila kumwonyesha barafu?"

"Mgeni anataka kunywa baridi, Baba," muuguzi akamjibu. "Hataki kuitazama."

Karibu akaapa mbele ya mkewe na bintiye kwamba hatagusa mfuniko wa chakula. Mama alimwitikia, lakini alimjua mumewe.

Jumamosi ikafika. Maboksi mawili yaliwekwa mbele ya mashua, chini ya turubai. Wakwe wakapanda. Mama mkwe alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, asiyecheka ovyo. Binti alikuwa anamtazama kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

"Karibuni, karibuni sana!" Karibu akasema, na mkono wake, wenyewe tu, ukaanza kwenda kwenye boksi la chakula. "Mkwe, hebu uone—"

Mama aliruka. Akatupa mto mnene juu ya mfuniko.

"Mkwe, karibu kiti! Hapa kivulini ndipo pazuri."

Mama mkwe akakaa, akajisogeza vizuri, akashusha pumzi. Karibu alibaki ameduwaa, mkono hewani. Sasa angemwambia nani ainuke? Safari nzima alizunguka kile kiti kama paka aliyefungiwa samaki, akakohoa, akakaa. Boksi la vinywaji lilifunguliwa na kufungwa upesi. Lile la chakula halikufunguliwa hata mara moja.

Walipofika ng'ambo, Mama alimwomba mkwe ahame kidogo. Akainua mto, akafungua. Baridi ikawapiga usoni. Chupa zilikuwa bado na mapande ya barafu ndani. Kuku alikuwa baridi, mkavu, salama, na matunda yalitoa jasho la ubaridi.

Mama mkwe aliutazama mto. Akalitazama boksi.

"Kumbe tangu asubuhi nimekalia chakula changu mwenyewe?"

Binti alifumba macho. Mama akaona heri aseme ukweli.

"Nisamehe, mkwe. Mume wangu hawezi kuona boksi bila kulifungua. Nikaona hakuna atakayethubutu kukuinua wewe."

Mama mkwe akamtazama Karibu, aliyekuwa anatazama maji. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa, na mashua nzima ikacheka naye. Binti ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote.

Walikula wakashiba, wakanywa baridi. Hakuna tumbo lililouma.

Jioni, wakati wa kushuka, mama mkwe alimshika bintiye mpya mkono, akaupigapiga ule mto.

"Kiti hiki ni changu," alisema. "Safari ijayo nikimkuta mtu amekikalia, tutagombana."